Mama wa Kitanda cha Dirishani

Jumatatu, 14 Aprili 2025

Nimepata kazi! Kazi ya kukaa kwenye kiti, ndani ya studio yenye kiyoyozi, Kawe. Si kibanda umiza cha video cha hapa Tegeta, mabenchi na jenereta, watu themanini wanachuruzika jasho na mie na maiki yangu nawatafsiria Wachina wanaopigana.

Ni sinema fupi, dakika kumi na nne. Ya kihistoria. Daktari mmoja wa Ulaya, miaka karibu mia mbili iliyopita, aliyewaambia madaktari wenzake wanawe mikono. Basi. Hakuna bunduki wala farasi.

Mwenye kazi ni Bi Khulud, wa taasisi moja ya afya ya mama na mtoto. Mpwa wake ni mteja wa kibandani. Anasema sauti yangu watu wanaiamini. Itaonyeshwa kliniki za wajawazito, vituo kumi na viwili, Kinondoni mpaka Temeke, kuanzia tarehe tano Mei ambayo ni siku ya usafi wa mikono duniani. Sikujua mikono nayo ina siku yake.

Nimemweleza Eliaichi. Kacheka huku kashika tumbo, na tumbo lenyewe la miezi tisa. Kaniuliza kama mimi mwenyewe nimeshanawa leo. Mke wangu huyo.

Jumatano, 16 Aprili

Nimeitazama mara tatu. Jina la daktari linanishinda — Semmelweis. Nitamwita Dokta Zeme.

Hospitali ya Vienna ilikuwa na wodi mbili za wazazi. Moja ya wakunga, nyingine ya madaktari. Ya madaktari wanawake wanakufa kama nzi, homa baada ya kujifungua. Miezi mingine kumi katika mia, au zaidi. Wanawake wanapiga magoti wasipelekwe kule. Dokta Zeme anatafuta kwa nini, hapati. Mwishowe anagundua: madaktari wanatoka kupasua maiti, wanakuja moja kwa moja kuzalisha. Akaweka beseni la maji ya klorini mlangoni. Vifo vikashuka. Wenzake wakachukia! Sisi waungwana, mikono yetu iwe michafu? Wakamfanyia visa mpaka akaondoka. Amefia hospitali ya vichaa.

Kuna mama mmoja, kitanda cha dirishani. Hasemi neno sinema nzima. Anatetemeka, nesi anafunua shuka kisha anageuza uso. Msimulizi anataja dalili: homa, baridi, tumbo kuuma, damu ya uzazi yenye harufu mbaya. Picha inayofuata kitanda kitupu, mtu anabadilisha shuka.

Sikuipenda hiyo. Katika kazi yetu kuna sheria moja: steringi hafi. Mwaka juzi kwenye filamu ya Wahindi steringi alipigwa risasi tatu akafa kabisa, nikawatangazia amezimia tu, anapelekwa Muhimbili. Watu wakaenda zao wakiwa na amani. Hakuna aliyewahi kunidai ukweli.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimetoka stendi ya Mbezi Luis kumpokea mama mkwe. Basi la Moshi limechelewa kwa saa mbili, sikukuu hii ya Pasaka kila mtu yuko barabarani. Ameshuka na mkungu wa ndizi za mtori, sufuria lake mwenyewe, na kuku hai ndani ya kapu. Kana kwamba Dar hakuna sufuria.

Nimempa shikamoo nikiangalia kapu. Kwetu Kamachumu mama mkwe hatazamwi usoni, wala hamkai kiti kimoja, wala hamzungumzi mambo ya mwili. Na yeye, Mmachame wa kanisani, ana haya kunizidi. Hivyo miaka minne tunazungumza kupitia Eliaichi. “Mwambie mwenzio ndizi zisikae juani.” Mie nimesimama hapohapo. “Mwambie mama nimesikia.” Eliaichi katikati anacheka, anasema nyumba hii na yeye anatafsiri, ila halipwi.

Jumatano, 23 Aprili

Nimerekodi. Saa nne nzima, koo limekauka. Bi Khulud aliitwa kikaoni, nikabaki na fundi mitambo tu.

Niandike ukweli, si daftari langu? Nilipofika kwa mama wa dirishani nilimwona Eliaichi kwenye kile kitanda. Halafu nikawafikiria wale watakaokuwa wamekaa kliniki na matumbo yao, wengine na wakwe zao pembeni, niwatajie damu na harufu? Nina mama mimi. Nikasema: “Huyu mama homa yake ni ile ya kawaida ya wazazi, maziwa yanapoingia.” Kitanda kitupu kilipotokea nikasema: “Na baada ya siku chache akaruhusiwa, akarudi kwao na mwanawe.” Ikakaa vizuri kwenye picha. Fundi akaniambia braza una kipaji.

Dokta Zeme nimemwacha afe. Yule ni historia, singeweza.

Jumamosi, 26 Aprili

MTOTO! Wa kiume. Kilo tatu na robo. Edgar, jina la marehemu baba.

Uchungu ulianza alfajiri. Bajaji mpaka kituo cha afya, mie mbele, mama mkwe na Eliaichi nyuma. Mapokezi tukakuta maji yamekatika, siku ya pili. Kila mzazi aje na ndoo yake. Nimezunguka mtaa mzima natafuta maji, Sikukuu ya Muungano, maduka mengi yamefungwa. Nimerudi na madumu mawili. Nesi Hamisa kayapokea dirishani. Ni mtu mzuri, mcheshi, alikuwa peke yake na wazazi wanne. Nikamwona anamimina maji kidogo ya chupa kwenye vidole, kama anayelowesha bahasha, halafu anaingia ndani.

Nimetoka kusimulia beseni la klorini Jumatano. Nilikuwa na maneno yote, na maji yote yale. Nikasema nini? Mwanamume anayepiga kelele leba anatolewa nje ya geti, na mkewe anabaki ndani na nesi aliyekasirishwa. Nilimwambia tu, dada, pole na kazi.

Lakini mtoto! Ana masikio yangu, maskini.

Jumapili, 27 Aprili

Wameruhusiwa. Nimehamia sebuleni. Chumbani ni mama, Eliaichi na Edgar, na itakuwa hivyo siku arobaini. Mie naletewa mtoto mlangoni kama posta. Nachungulia, naambiwa inatosha.

Eliaichi kanipungia mkono kutoka kitandani. Kasema mtori wa mama yake utamfanya apasuke.

Jumatatu, 28 Aprili

Bi Khulud kapiga. Hongera za mtoto kwanza, halafu moto. Ameisikiliza yote. Mama wa dirishani katumwa nyumbani na nani? Nikamweleza kuhusu wajawazito na hofu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma: “Apolinari, hiyo ndiyo sentensi niliyoilipia. Nyingine zote ni mapambo.”

Tumekubaliana nirudie. Studio imejaa mpaka Ijumaa.

Jioni nimewasha kompyuta sebuleni. Eliaichi alitaka kusikia sauti ya mume wake ikiwa na suti. Alikuja taratibu, kakaa na mto, mama karibu naye na mtoto. Mie nikasimama jikoni. Mama kawasonya madaktari wa Vienna. Kwenye beseni kasema huyo kijana ana akili. Mwisho kapiga makofi, kisha kamwambia Eliaichi amwambie mwenzie kazi ni nzuri.

Nilifurahi. Naandika hapa kwamba nilifurahi.

Jumanne, 29 Aprili

Eliaichi hakutoka leo. Nimegonga. Mama kanijibu kupitia mlango, na hilo lenyewe ni jambo, maana hajawahi kunisemesha moja kwa moja. Anajisikia vibaya kidogo, amelala. Nikasema nimesikia.

Jumatano, 30 Aprili

Mama anaamka kabla ya watu wote, anafua kanga. Anazianika nyuma ya nyumba, upande ambao sipiti.

Na kitu kingine cha ajabu. Ametoka kwenda dukani, karudi na udi. Bibi wa Kilutheri! Chumba chote moshi. Nimecheka peke yangu, nikasema wiki mbili tu Dar ameshakuwa Mswahili. Nilimwandalia Eliaichi mzaha huo, nikimpata nimwambie.

Sijamwona uso tangu Jumatatu. Nikiuliza, sauti yake inatoka ndani: nachoka tu, baba Edgar. Nimempenda alivyoniita baba Edgar.

Alhamisi, 1 Mei

Mei Mosi. Eliaichi ana homa. Mama kamtuma mtoto wa jirani aje aniambie — mie niko sebuleni, yeye yuko chumbani, hatua sita! Nikakimbia duka la dawa. Wakanipa kipimo cha malaria na panadol. Kipimo mama kakichukua mlangoni, karudisha mlangoni. Hakuna malaria. Nikasema afadhali. Mungu anisamehe, nilisema afadhali.

Nikamuuliza mama, nikiwa nimeangalia kitasa, kama kuna jambo jingine. Akanijibu: “Ni homa ya wazazi tu. Maziwa.”

Nikaridhika! Maneno niliyajua vizuri mno, nikafikiri nayajua kwa sababu ni ya kweli.

Bi Khulud kanikumbusha kesho saa nne studio. Nakala za kwanza zimeshakwenda Temeke, itabidi zirudishwe.

Ijumaa, 2 Mei

Sikwenda studio.

Saa kumi na mbili asubuhi mama kafungua mlango mwenyewe, wazi kabisa. Nikaingia. Harufu ilinipiga kabla sijafika kitandani, udi na ile nyingine chini yake. Eliaichi anatetemeka, midomo imepauka, macho yananipita. Ananiita kwa jina la kaka yake. Nimembeba mpaka barabarani. Hakuwa mzito. Jumamosi nikimshusha kwenye bajaji alinilalia bega, mzito kweli.

Hospitali kubwa, dharura. Daktari kijana, Albano, kanawa mikono mbele yangu, hadi viwiko, nikamtazama kama mwenye njaa anayetazama chakula. Akauliza: damu ilianza kutoa harufu lini?

Mie sijui. Mie mume, sijui. Nikamgeukia mama. Mama kaangalia sakafu, kaniangalia mimi, kaangalia sakafu. Daktari karudia. Nilitaka kutoka nje ili aseme. Hiyo ndiyo akili yangu, mke wangu anakufa na mie nataka kutoka nje kwa heshima. Mama akasema:

“Tangu Jumanne.”

Daktari kaandika. Hakutulaumu. Afadhali angetulaumu.

Wakamtundikia dripu mbili. Tumekaa korido, benchi moja, kwa mara ya kwanza, Edgar katikati yetu kwenye kanga. Mama akaanza kuniambia, taratibu, akiangalia ukuta wa mbele. Kwamba Jumanne aliona. Kwamba alitaka kunigongea, akawaza atasema maneno gani, mimi ni mkwe wake. Kwamba nguo alizificha ili nisione aibu ya mwanawe. Kisha akasema, na hii naiandika kama alivyoisema:

“Nikajipa moyo na ile sinema yako, baba. Yule mama wa dirishani si alikuwa hivihivi? Yule nesi alivyogeuza uso nilijua ni nini. Na alirudi kwao.”

Hakuwa ananilaumu! Alikuwa ananifariji. Alinishika mkono wa shati.

Sikumwambia. Nimekaa pale na mdomo wangu ninaolipwa kwa ajili yake, sikumwambia. Bi Khulud kapiga mara tatu. Mara ya nne nimepokea, nikamweleza Eliaichi yuko wapi na kwa nini. Akasema atazirudisha nakala zote mwenyewe, kwa gari lake, niachane na kazi, nikae na mke wangu. Ningetaka anitukane.

Jumamosi, 3 Mei

Saa mbili kasoro asubuhi. Natumia nyuma ya kadi ya kliniki, daftari liko nyumbani.

Hakulala vizuri. Anaweweseka, anawaambia watu wasiojulikana wasimwage maji. Presha inashuka. Walimsafisha kizazi jana jioni, haikutosha.

Saa mbili na nusu. Albano katuita chumba kidogo, na daktari mkubwa wa upasuaji, mama wa makamo mwenye miwani, ana haraka. Kaongea na sisi nusu Kiingereza nusu Kiswahili, sepsis, infection, hysterectomy, theatre now. Akanipa fomu. Eliaichi hajitambui, mie ndiye wa kusaini. Nilielewa yote. Nimetafsiri filamu miaka kumi na moja, naelewa haraka kuliko ninavyopenda.

Mama kakaa na mtoto, anatuangalia midomo. Akaniuliza mimi, moja kwa moja, machoni:

“Wamesema nini?”

Kwa miaka minne maneno yetu yalipita kwa Eliaichi. Nikageuza kichwa, naapa, nikamtafuta Eliaichi amwambie mama yake. Hakukuwa na mtu. Kalamu mkononi, daktari anaangalia saa.

Yalinijia maneno mazuri mengi. Wanamfanyia usafi mwingine. Upasuaji mdogo. Yalijipanga yenyewe mdomoni kama siku zote, na uso wa mama ulikuwa tayari kuyapokea.

Nikasema: “Mama, sumu ya kizazi imeingia kwenye damu. Wanataka kumtoa kizazi sasa hivi. Hatazaa tena. Wasipofanya atakufa leo. Wakifanya pia anaweza kufa. Hawajui.”

Nimelitaja neno kizazi mbele ya mama mkwe. Hakuinamisha uso, wala mie. Akamhamishia Edgar bega la pili.

“Rudia.”

Nikarudia. Neno kwa neno, sikupunguza.

“Saini, baba.”

Nimesaini. Kitanda kimepita mbele yetu kwa kasi. Nilimgusa mguu, nilichoweza kufikia ni mguu. Ulikuwa wa moto.

Saa tatu na dakika kumi. Nimemwambia na lile jingine. Sikupanga, limetoka. Nikamwambia mama, yule wa dirishani hakurudi kwao. Alikufa. Kitanda kilikuwa kitupu kwa sababu alikufa, mie ndiye niliyemrudisha nyumbani. Kwa mdomo.

Mama hakulia wala hakuinuka. Amebaki anampapasa Edgar mgongo, polepole, na macho yake yako kwenye mlango wa theatre. Kuna taa juu yake, nyekundu mpaka wamalize.

Saa nne kasoro. Mtoto ameanza kulia kwa njaa, tangu usiku hajanyonya. Nesi kasema tununue kopo la maziwa, na chupa, duka liko nje ya geti. Nimesimama niende. Mama kanishika shati, palepale pa jana.

“Usiende. Wakitoka wataongea Kizungu.”

Nimekaa. Edgar analia, korido nzima inatutazama. Taa bado nyekundu.